Kijiko Kinarudi kwa Mjomba

Shauri Moyo,
Nairobi.
Jumanne, 9 Septemba.

Mpendwa Mjomba Nzau,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, aliyetuamsha sisi huku na ambaye naamini amekuamsha wewe huko Livingstone, Zambia. Hujambo, Mjomba? Ule mguu wa kushoto umepata nafuu, ama bado unakusumbua ukisimama sana kwenye meza yako ya vinyago? Na masikio je? Bwire wa lori aliniambia siku hizi mtu akitaka kuongea nawe ni lazima akuandikie, ndiyo maana sikujaribu simu. Mama Nzuki naye hajambo? Mwambie ule mtandio alionitumia nauvaa kanisani, na watu wananiuliza nimeutoa wapi.

Sisi tuko salama. Mama anakula vizuri. Miguu yake huvimba jioni, asubuhi inashuka, na bado hataki mtu mwingine amfagilie mlango wake. Alikutumia salamu kabla sijashika kalamu. Lakini hajui nitakayokuandikia.

Mimi mwili ni mzima, Mjomba, roho ndiyo haitulii. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta ufagio, na nyumba nimeshaifagia. Redio naiwasha ili nisikie habari, habari zikianza naizima. Bado nauza uji pale kando ya vibanda vya wachongaji, mahali pako pa zamani. Juzi nilitia chumvi mara mbili. Bwire alikuja kunywa kabla ya kwenda kupakia lori, akaonja, akaniangalia. "Mama Mwende, huu uji umeuchota baharini?" Watu wote wakacheka. Mimi nikaenda nyuma ya kibanda nikalia, kwa sababu alikuwa amenigusa pale pale bila kujua.

Huyo huyo Bwire ndiye amekuletea mzigo huu. Ndani yake kuna barua yangu, kuna picha kwenye bahasha ya kaki, na kuna kifurushi kidogo kilichofungwa kwa kamba, kina barua ya mdogo wangu Kyalo. Nakuomba sana, usifungue kifurushi mpaka umalize kunisoma.

Ndiyo, ni Kyalo. Najua katika barua zako zote humtaji. Unauliza Mama, unauliza watoto wangu kwa majina, unauliza hata paka. Yeye unamruka. Lakini Krismasi iliyopita uliandika mstari mmoja ukiuliza kama redio ya huku inasema habari za bahari. Hukutaja mtu. Mstari huo nimeusoma mara nyingi, na ndio umenipa nguvu ya kuandika.

Nadhani hata huko mmesikia kwamba meli zetu ziko vitani tangu mwezi wa tano, na wale wapiganaji wanaoteka meli za mizigo. Mwezi uliopita meli moja ya doria ilipigwa. Vijana sita hawakurudi, na kamanda aliyekuwa anaongoza meli zote akaumia, sasa yuko hospitali. Nafasi yake amepewa Kyalo. Meli zote, Mjomba, na watu wote walio ndani. Mtoto uliyemlipia karo kwa kuchonga twiga sasa ni Brigedia, na akisema nendeni, mamia ya watoto wa watu wanakwenda.

Alikuja hapa nyumbani siku moja tu, Jumapili ya mwisho wa Agosti, bila magwanda, amevaa shati la kawaida. Wazee wa kule kwa fundi wa viatu walimjua kwa mwendo. "Niaje, Admirali!" wakampigia kelele. Naye akawajibu, "Bado sijafika huko, buda, na wewe bado una deni langu la gololi!" Akacheka kama zamani. Alipoingia ndani akaacha kucheka.

Mama alimpikia muthokoi wake wa mahindi na maharagwe. Akala, akashukuru, kisha nikamwekea chai. Akachukua kijiko cha bati mezani, akakoroga mara moja, akakirudisha chini kama kimemchoma. Ndipo akatoa kifurushi mfukoni akakiweka mbele yangu.

"Dada, kimepasuka."

"Nini kimepasuka?"

"Kijiko cha Mjomba. Kimepasuka siku ile wenzetu walipopigwa. Tuliyumba sana, nikakiangukia. Mpelekee. Mjomba peke yake ndiye atajua kukitengeneza."

Nikamwambia vijiko ni vingi. Akatikisa kichwa. "Wakati ule alinibariki niende peke yangu. Sasa nina watoto wa watu. Nimemwandikia humo ndani, namwomba aongeze neno. Kabla ya mwisho wa Septemba, Dada, kama inawezekana. Zaidi ya hapo sina ruhusa ya kukuambia."

Sasa wewe unauliza, kijiko gani? Baraka gani? Na uko sawa kuuliza, kwa sababu hukutoa kijiko na hukutoa baraka. Ni mimi.

Unakumbuka siku ile, miaka ishirini na minane iliyopita. Baba alikuwa ameshakufa, na wewe ndiye ulikuwa baba yetu. Ulikuwa umemtengea Kyalo nafasi kando yako kibandani, na tezo jipya la kuchongea umemnunulia, mpini wake umeupima kwa mkono wake. Naye akaenda kusajiliwa jeshi la wanamaji bila kukuambia, tukajua barua ya kuitwa ilipofika. Ulikuja hapa na lile tezo. Ukaliweka mezani. Hukupiga kelele, na afadhali ungepiga. Ulisema, "Nenda. Mimi simo. Na siku utakayozama usilitaje jina langu." Ukatoka.

Mjomba, unajua kwetu neno la mjomba lina uzito gani. Mtoto akienda mbali, mjomba wake humtemea mate kifuani, akasema maneno mema, ndipo aende. Kyalo alikuwa na miaka kumi na tisa. Siku tatu hakula. Mara ya tatu Mama alipokuja kwako kukuomba, ulimfungia mlango, dada yako wa tumbo moja. Niliona mtoto anaanza kufungua sanduku na kutoa nguo alizopanga.

Basi asubuhi ya nne nilikuja kibandani kwako ukiwa umeenda kununua magogo. Kwenye benchi kulikuwa na kijiko cha mti wa muhugu, ulikuwa hujakipiga msasa, na shingo yake ulikuwa umeanza kuichonga iwe ndege ukaachia katikati. Nikakichukua. Njiani nikakitemea mate mimi mwenyewe, nikakifunga kwenye kitambaa. Nikamwambia Kyalo, "Mjomba amelegea moyo. Anaona haya kuja. Amekutumia hiki, na mate yake yamo." Kyalo alikishika kwa mikono miwili. Jioni ile akala sahani mbili, kesho yake akaenda.

Wewe uliporudi ulimlaumu Sylvance, jirani yako wa benchi, kwamba amekuibia. Mlikaa mwaka mzima hamsemezani. Niliona, nikanyamaza. Nisamehe kwa hilo pia. Sylvance bado yupo, sasa anapiga rangi tu, na bado anaapa hakuchukua.

Nilifikiri ni uongo wa siku moja. Lakini angalia picha, Mjomba. Nyuma ya kila moja ameandika kwa mkono wake, Kwa Mjomba. Alizileta moja moja nikutumie, nami nikazificha kwenye mkebe wa majani ya chai, kwa hofu kwamba utazirudisha na mambo yatajulikana. Hiyo ya kwanza ni siku alipokuwa Luteni, shingo nyembamba, kofia imemzidi. Hiyo yenye theluji ni alipopelekwa ng'ambo kusoma mambo ya kuongoza meli. Hapo alikuwa Kapteni, na aliniandikia kwamba wakubwa walimcheka mezani. "Hicho ni kijiko ama kasia?" Akawajibu, "Huyu ni mjomba wangu."

Picha ambayo amesimama mbele ya meli ya kijivu, hapo ni Meja, na ndiyo meli ya kwanza kuwa yake mwenyewe. Tangu siku hiyo ana desturi. Wakitaka kuondoka analetewa chai, anaikoroga kwa kijiko chako, anapiga funda moja, ndipo anasema ng'oeni nanga. Mabaharia wamezoea. Wakati mmoja kijiko kilisahaulika chini, meli nzima ikasimama inangoja kijana mmoja akimbie ngazi. Wanakiita Mjomba. "Mjomba yuko?" "Mjomba yuko, afande." Hayo alinisimulia akicheka, nami nilicheka naye.

Alipokuwa Kanali aliniuliza, "Mjomba alisemaje?" Nikamjibu kwamba umefurahi sana. Kila cheo nilikutungia maneno, Mjomba. Yeye amekaa miaka yote akijua umemkubali, na wewe umekaa miaka yote ukidhani amepanda vyeo akakusahau. Katikati yenu nimesimama mimi, na mkebe wa chai.

Nimeomba. Nimefunga siku mbili. Mchungaji wetu anahubiri kwamba msalaba ulimaliza laana zote, nami nasema amina na ninaamini. Kisha narudi nyumbani, nawasha redio, na nasikia ile sauti yako, usilitaje jina langu, na naona kwamba mdogo wangu yule analitaja kila akienda kwenye hatari. Nilimweleza Mirriam, yule ninayeomba naye Ijumaa. Kwanza alishika mdomo. "Umedanganya Brigedia? Si watakufunga huko jeshini!" Kisha akasema, "Mungu nadhani ameshakusamehe, Mbinya. Sasa umebakisha wawili." Maneno hayo ndiyo yamenikalisha kuandika.

Kifurushi nimekaa nacho siku tisa juu ya kabati. Nilifikiria kumpelekea fundi mwingine hapa, agundishe ule ufa, halafu nimwambie Kyalo, Mjomba amekitengeneza. Hata nilifika mlangoni kwa fundi. Nikaona ndiyo kile kile nilichofanya nikiwa na miaka ishirini na minne, na sasa nina hamsini na mbili. Nikageuka. Siwezi tena kutema mate kwa niaba yako.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili, na uchague moja. La kwanza, kama moyo wako unaweza, fungua kifurushi, tengeneza kijiko kwa mkono wako, na umwandikie Kyalo neno lako mwenyewe. Lisiwe refu. Usifiche makosa yangu ili kunilinda, mwambie ukweli ukitaka, mradi neno liwe lako. Bwire atakuwa huko siku mbili akishusha mzigo, na akirudi bila kukwama mpakani Tunduma atafika hapa kabla ya mwisho wa mwezi. Ameahidi atakibeba mfukoni, si kwenye lori.

La pili, kama moyo umekataa, usimwandikie chochote. Niandikie mimi neno moja tu, hapana. Nitapanda treni niende Mombasa, nimweleze yote uso kwa uso kabla hajaondoka. Ataumia, na pengine hatanisemesha tena. Lakini sitaki aende mbele ya watoto wa watu akiegemea kitu ambacho mimi ndiye nilikiiba benchini.

Sikukasirikii kwa maneno ya siku ile. Ulikuwa umempimia tezo. Hilo Kyalo mwenyewe hajalisahau. Tezo bado liko hapa, Mama hulipaka mafuta kila Desemba, na mpini haujawahi kushikwa na mtu mwingine.

Nisalimie Mama Nzuki, na Nzuki mwenyewe na mkewe, na wale wajukuu ambao bado sijawaona. Huku anakusalimu Mama, dada yako Koki, anakusalimu Mwende wangu, na Sylvance anasema hujambo, mzee, na kwamba bado hajaiba kitu. Bwana akushike mguu huo unaouma, akuongezee siku, na akulindie nyumba yako kama ulivyotulinda sisi tulipokuwa hatuna mtu.

Ni mimi mtoto wa dada yako, nikupendaye na niliyekukosea,

Mbinya.

Mjomba, tafadhali nijibu upesi. Hata kama ni hapana.