Mbio Nilizosingiziwa Njia ya Handeni

Kambi ya mkonge, Korogwe

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yangu kabla hujaketi kusoma, uniulizie na kifua chake, kama kile kikohozi cha masika kimemwacha. Sisi huku miili ni mizima. Shemeji yako Zena ametoka arobaini salama, na mtoto ananyonya mpaka anasahau kulia. Lakini moyo wangu, kaka, una hasira hadi kalamu inatoboa karatasi.

Unajua mama mkwe alikuja kutoka Handeni kumtunza mzazi. Siku zote arobaini amepika, amefua, ameosha mtoto, na mimi na yeye hatujatazamana usoni wala kutajana majina. Huku kwa Wazigua ni kama kwetu Songea. Nikiingia uani nakohoa kwanza, yeye anahamia jikoni. Basi Jumamosi bwana wa shamba alinituma mahindi Handeni, nikamwomba ruhusa nimrudishe mama kwao kwa lori. Zena na mtoto wakakaa mbele na mimi, mama mkwe nyuma juu ya mkeka, ametupa mgongo. Kwa ajili ya mgongo ule nililitambaza gari. Kila shimo nililishuka taratibu, mpaka Zena akanicheka: "Baba, hata ng'ombe wa Wamasai wanatupita!"

Zimebaki kama maili sita, afisa wa polisi, Mzungu, akatoka kivulini na askari wake, mkono juu. Eti nakimbiza gari! Nikamuuliza ameonaje. Vumbi! Ameona vumbi kwa mbali akajua ni mbio. Jamani, kiangazi hiki hata mbuzi akipiga chafya njia ya Handeni vumbi linapanda. Na lori lenyewe likifika kilimani watu huteremka wakalisukuma!

Nilipomjibu hivyo akawaka. Akatushusha wote, akatupanga mstari mmoja, mama mkwe bega kwa bega na mimi. Mama wa watu akajifunika kanga uso mzima, mimi nikageukia porini. Afisa akaona tunafichana, akauliza huyu mwanamke ni nani.

"Mama mkwe wangu."

"Jina lake?"

Nikanyamaza. Zena akataka kujibu, akaambiwa hakuulizwa yeye.

"Mkweo, na jina lake hulijui? Mwongo! Umepakia abiria wa kulipa kwenye gari la tajiri wako."

Askari, mtu wa Magoma, akajaribu kumweleza: "Bwana, huku wakwe hawatajani." Akaamriwa afunge mdomo. Mtu anayejua ndiye anayenyamazishwa, kaka!

Ndipo mama mkwe akateremsha kanga. Akataja jina lake mwenyewe, kisha akaninyooshea kidole. "Na huyu ni Shabani. Amemuoa Zena wangu, na mtoto huyu ni wetu. Hakukimbia. Angekimbia, mgongo wangu ungejua." Mimi niliona aibu kama nimevuliwa nguo sokoni.

Unadhani ilisaidia? Afisa akasema tumepanga uongo. Leseni yangu akaitia mfukoni, akanipa kikaratasi cha kunifikisha Handeni na kunirudisha, na hati ya korti: kosa la mbio na kosa la abiria. "Mbele ya hakimu utalitaja jina hilo wewe mwenyewe," akasema, "la sivyo leseni huioni tena."

Mama mkwe hakupanda gari tena. Alijitwisha mkeka wake akashika njia kwa miguu. Zena alimsihi huku analia, wapi! Ningempita vipi? Nilimfuata kwa mwendo wa miguu yake maili zote sita, jua la utosini. Gari likichemka nasimama, yeye hasimami. Wajomba wa Zena walipotuona tunaingia hivyo walinitazama kama mchawi. Yeye akawaambia gari lilimchosha tu, hakuna aliyemkosea.

Kesi ni Jumatano. Karani wa shamba ananiambia nilitaje, ni neno moja tu, niokoe kazi yangu. Neno moja! Yule mama alijivunjia heshima kwa ajili yangu mbele ya mtu asiyejua hata amemvunjia nini. Niende mimi nimvunjie mara ya pili, mbele ya korti nzima? Sitalitaja. Hata wewe humu sijakutajia.

Nisalimie shangazi aliyetulea, mkeo shemeji yangu, na yule mzee jirani aliyenifundisha kusoma. Mama msomee ya mjukuu wake, haya ya korti uyaruke. Na ukiniona nimerudi Songea na jembe begani, usiniulize nilikosa nini. Ujue niliulizwa jina nikanyamaza.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Shabani, dereva mpaka Jumatano