Mama Niliyemzika Kwenye Televisheni

Ploti ya Wainaina,
Kawangware 56,
Nairobi.
14 Mei 2025

Mpendwa dada Syombua,

Niaje huko Doha? Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba yule madam wako amepunguza ukali. Mgongo je? Bado unakusumbua ukimbeba yule mzee wao? Sisi huku tunapumua. Naandika kwa sababu simu yako inashikwa na mabosi wako. Ndinda wa jirani anasafiri kesho kuja kazi hiyo hiyo yenu, atakuletea.

Kwanza ujue ndugu yako ni mtu wa bahati, tena bahati ya kuogopwa. Kile kipindi cha televisheni, Nyumba Wazi, ambapo watu wanafungiwa nyumba moja na kamera waishi tu vile walivyo, kilikuja kutafuta watu Soweto West, pale Kibera. Tulipanga foleni watu mia tatu. Mimi sikufungua hata mdomo. Mwenye kamera alinitazama mara moja akasema, "Huyu." Sura tu, dada! Kuna watu wamezunguka dunia nzima wakitafuta sura kama hii.

Nyumba yenyewe ilikuwa Riruta Satellite, kamera mpaka jikoni. Siku mbili za kwanza nilikuwa Muia kinyozi, yule yule wa mizaha. Siku ya tatu mwenye kamera akanivuta kando, akaniambia vichekesho havileti kura, niseme mama yangu alikufa. Nikakataa. Akasisitiza. Basi nikasema, na nikalia. Nililia vizuri, Syombua, mpaka mwenzetu Nelima akanifunika na leso yake. Kuna wakati nilisahau kabisa kwamba Mama yuko hai.

Kumbe nyumbani kwetu Kyuso wanatazama. Jumatatu asubuhi kina mama wa mwethya, wale wanaolimiana mashamba naye, walifika nyumbani na kuni, sufuria kubwa na turubai. Wakamkuta Mama ameketi anapukuchua mbaazi. Mmoja alitupa kuni akakimbia. Mama akauliza, "Kwani nani amekufa?" Wakatazamana. Mama Kimanzi ndiye aliyepata nguvu: "Ni wewe, Mama Muia."

Wanasema aliinuka, akawapikia chai waombolezaji wake, akamhudumia kila mmoja, halafu akaingia ndani akafunga mlango.

Tangu siku hiyo hashiki simu yangu. Nilimpigia binamu yetu Kavoi ampelekee, nikamsikia Mama kwa nyuma: "Mwambie marehemu haongei." Presha imepanda, dada. Dawa nilizotuma ziko mezani, hazijafunguliwa. Anasema maiti hamezi vidonge. Kavoi anasema miguu imevimba, na hata kwenda kanisani ameacha.

Mimi walinitoa wiki ya tatu. Hapa kazini wananiita Yatima. "Yatima, ninyoe vizuri, naenda matanga!" Nacheka nao. Lakini Gathoni wa saluni, aliyezika mama yake Machi, alinikumbatia mbele ya wateja, akalia begani kwangu, akasema sasa tuko wawili. Sikuwa na mdomo wa kumwambia. Mimi, Syombua, nikose mdomo!

Wewe ndiye kifungua mimba wake, hawezi kukukatalia. Ijumaa wakikupa simu, mpigie yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Usinitetee. Mwambie tu ameze dawa.

Nisalimie Kaveke na wasichana wote wa kwetu mlio nao huko. Kavoi anakusalimu sana. Mungu akufunike katika nyumba ya watu, akurudishe na afya yako, umkute Mama akikungoja.

Ni mimi, ndugu yako akupendaye hata nikikosa,
Muia.

N.B. Ile bahati ni uongo. Mwenye kamera alinikataa. Alisema wachekeshaji anao wengi. Nikazunguka, nikapanga foleni tena, na zamu yangu ilipofika nikamwambia mama yangu amekufa. Hakuna mtu aliyenituma niseme.