Neno Lenye Kichwa na Mkia

Mdogo wangu Kidevu,

Salamu nyingi kwako, kwa wajukuu zako na kwa lile goti lako bovu. Limekaaje? Usinidanganye kwamba limepona, nakujua. Mimi ni mzima kiasi cha kushika kalamu. Mwandiko wangu ni miguu ya kuku, uuvumilie. Herufi nilizisoma kwenye pakiti za sabuni, si darasani.

Kazi ya kupiga pasi kwa dobi bado ninayo. Mashuka nayanyoosha, ila Kifaransa ndicho kinachoninyoosha mimi. Watu wa huku wanatafuna maneno kama hawajala siku tatu. Nilipofika, kila nikiuliza nani kachukua pasi yangu, nani kamwaga maji, jibu lilikuwa moja: shepa. Nikajua Shepa ni mtu. Mwezi mzima namsaka huyo Shepa anayechepa kila kazi, mwisho nikaenda kumshtaki kwa bosi. Bosi alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe ni "zhe ne se pa", yaani sijui, imetafunwa ikabaki mfupa.

Sasa kaa vizuri. Nina kinundu kwenye titi la kushoto, kigumu kama kokwa. Usipige kelele, soma. Nilikwenda hospitali peke yangu. Muuguzi, binti mwenye mikono ya baridi, alinitoa nyama kidogo ya kupima, akanipapasa bega, akaniambia: tankyet, mami. Neno lile nalijua nusu: ankyet ni wasiwasi. Nikasikia ananiamrisha, ingia wasiwasi, bibi! Nami ni mtiifu, niliingia wote. Nilitoka mbio, vifungo vimepishana, na majibu sikuyafuata wiki tatu. Napiga pasi, jasho linadondokea mashuka ya watu.

Mwenzangu wa meza ya kukunjia alinibana mpaka nikasema. Akanicheka, akaniita kichaa, kisha akanieleza kwamba neno zima ni "ne tankyet pa", usiwe na wasiwasi; wao hulila kichwa na mkia, kikabaki kiwiliwili. Kumbe yule binti alikuwa ananituliza! Juzi nikarudi hospitali, natembea kifua mbele.

Alinipokea daktari wa kike, yule aliyenipima siku ya kwanza. Huyo anameza maneno kuliko wote, hata jina langu hulikata katikati. Siku hiyo alivuta kiti, akavua miwani, akasema polepole, neno moja moja: ne vu zankyete pa, madam. Kichwa kipo. Mkia upo. Mdogo wangu, nilishaelewa kabla hajafika kwenye habari yenyewe. Mtu hasemi mazima hivyo ila ana jambo zito mkononi.

Na ni zito kweli. Ni saratani. Jumanne wananikata titi. Naogopa, na mwanangu ninayeishi naye hajui lolote. Nilimficha. Leo akirudi kazini nitamwambia, nikiwa naosha vyombo, nimempa mgongo asinione uso. Nitamaliza na tankyet, isiyo na kichwa wala mkia, asije akashtuka kama nilivyoshtuka mimi. Wewe peke yako ndiye niliyekuandikia mazima.

Nisalimie wajukuu mmoja mmoja, na goti ulifunge kitambaa. Ukinijibu, usinipe pole ndefu. Kula maneno, mdogo wangu. Andika fupi, nisiogope.

Ni mimi dada yako,
Mdomo Upanga