Kosa Nimeliona, Nimelinyamazia

Shikamoo Shangazi, nisaidie kabla ya Ijumaa maana siku zinanikimbia. Mimi ni fundi wa mfumo wa kompyuta katika kampuni ya vipuri, nakaa ghorofani peke yangu na seva zangu, mume alishafariki, watoto wako mbali, na siku nyingine natoka kazini bila mtu kuniuliza hata hali. Miezi miwili iliyopita mfumo ulianza kukwama kila asubuhi, nikachimba nikaona kosa ni langu mwenyewe, kwenye mipangilio ya hifadhidata niliruhusu watu ishirini tu kuingia kwa wakati mmoja badala ya mia mbili, kazi ya dakika mbili kurekebisha. Sikurekebisha. Mfumo ukikwama wanapanda ngazi kuja kwangu, "Dada, tuokoe basi!", wanakaa, wanataniana, wananiuliza nimeamkaje, nami nawatoa wachache kwenye mfumo, unafunguka, wanashangilia. Sasa mkuu anasema anayekwamisha ni Mama Stoo, mtunza stoo wetu, eti anafungua kurasa nyingi mno, kapewa barua ya kujieleza na Ijumaa kwenye kikao huenda akafukuzwa, na jana alinijia analia, "Mdogo wangu, wewe ndiye unayeijua hii mashine, hebu waambie," nikamjibu nitaangalia. Nikisema ukweli nitafukuzwa mimi, na hata hao wa asubuhi sitawaona tena. Nifanyeje?

*Fundi mpweke*

Shangazi anajibu:

Marahaba, na pole. Upweke unauma, sitakucheka. Ila hapo umemkosea mwenzako, tena kwa makusudi, na "nitaangalia" ulikuwa uongo mtupu kwa sababu ulishaona.

Nikwambie kitu usichopenda. Hao wa asubuhi wanaufuata mfumo. Aliyekufuata wewe ni mmoja tu, Mama Stoo, nawe ukamrudisha na machozi yake.

Leo hii rekebisha hiyo namba. Kisha mwandikie mkuu, taja na tarehe uliyoligundua kosa, usiifiche. Ndiyo itakayokuumiza wewe na ndiyo itakayomwokoa Mama Stoo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hizo seva zenu zinatunza kumbukumbu kuliko mawifi. Wakikufukuza, utaondoka na ufundi wako.

Halafu shuka stoo, umwombe radhi mama wa watu kabla hajasikia kwa mwingine. Usimpe hadithi ya upweke wako, si siku yake. Asipoitikia salamu yako, ondoka kimya, na kesho yake nenda ukamsalimie tena.