Ufunguo Nilikwenda Nao Harusini

Mpendwa Kungwi,

Naomba msaada wako, ingawa najua wengi wanaokuandikia hapa wana shida za waume na mawifi, yangu si ya nyumbani, ni ya kazini, ila imenifuata mpaka nyumbani, nakula nayo, nalala nayo, na sina wa kumwambia kwa sababu mume wangu nikianza tu kueleza anasema mambo ya hospitali yaishie hospitali.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto katika hospitali moja ya wilaya huku kusini kwenye mashamba ya chai, na majina yote humu nimeyabadilisha. Mwezi wa pili mwaka huu nilichaguliwa peke yangu kwenda Blantyre miezi mitatu kwenye mafunzo ya juu ya kuhudumia watoto mahututi, na sitakudanganya Kungwi, nilisoma mpaka nikawa naota mirija. Tulifundishwa kumtambua mtoto anayezidiwa kabla mama yake hajajua, tulifundishwa kuhesabu pumzi, kumpa dripu bila kumzamisha kwa maji, na zaidi ya yote tulifundishwa ile mashine ya kusukuma hewa puani, yenye kofia ndogo ya kushikilia mirija na chupa ya maji inayotoa mapovu, mapovu yakichemka unajua hewa inaingia, yakitulia unakimbia. Siku ya kufunga kila mmoja aliweka sahihi karatasi ya kuahidi kwamba ndani ya mwezi mmoja atawafundisha wenzake wanne, nami nikaweka, nikapiga picha na cheti, nikarudi na mashine mpya ndani ya boksi.

Ile ya zamani ilikufa kwa uzembe tu, ndugu wa mgonjwa aliichomoa achaji simu, na chupa yake tuliikuta chooni ina dawa ya kuoshea sakafu, kwa hiyo hii mpya nilisema haitaguswa ovyo, nikaifungia kabatini kwa kufuli na ufunguo nikauvaa shingoni pamoja na kitambulisho. Matroni wetu, Mama Nkhata, alinisifu kwa hilo mbele ya wote.

Basi wenzangu wakaanza kuniita Profesa. Mtoto akiletwa anavuta pumzi kwa shida wanasema, "Ngojeni Profesa aje," nami naja, nafungua kabati, nafunga kofia, mapovu yanaanza kuchemka na kina mama wananitazama kama nimeshuka na malaika, na Kungwi, nilipenda. Naiandika hivyo hivyo ilivyo. Mwezi wa kufundisha wenzangu ukapita, nikasema wiki ijayo, ukapita wa pili nikasema wodi imejaa, na ikafika miezi mitano sijamfundisha hata mmoja.

Kuna muuguzi kijana, Tiyamike, ana mwaka mmoja kazini, huyo alikuwa anasimama nyuma yangu kila nikifungua kabati. Siku moja akaniambia, "Sista, nifundishe hata kufunga kofia tu, mengine taratibu." Nami nikamjibu wenzake wakisikia, "Wewe kwanza jifunze kuandika ripoti bila kufuta futa, kofia utaifikia." Watu wakacheka. Naye akacheka, akaenda kubadilisha mashuka.

Jumamosi ile sikuwa zamu, ilikuwa harusi ya binamu yangu, mwendo wa dakika arobaini kutoka hospitali, na ufunguo niliutoa shingoni kwa sababu haukupendeza na gauni, nikautia mkobani. Unazijua harusi zetu, mshereheshaji anapaza sauti "Perekani! Perekani!", yaani toeni, na watu wanacheza wakitupa noti kapuni, nami nilikuwa katikati ya ukumbi, viatu mkononi, nafurahi kama sina dhambi duniani. Simu ilikuwa mkobani, mkoba ulikuwa kwenye kiti. Nilipokwenda kunywa maji nikakuta imepigwa mara kumi na moja.

Nikapiga. Tiyamike akasema, "Sista, ufunguo uko wapi? Kuna mtoto wa miezi saba, nimonia, anazidiwa, oksijeni peke yake haimtoshi."

Nikamwambia ninao mimi.

Akasema, "Basi tunavunja, Sista."

Kungwi, hapa ndipo mkono wangu unapokataa kuandika. Nilimwambia, "Msivunje! Mtaharibu mashine, nakuja sasa hivi."

Wakanisikiliza. Walingoja dakika kumi na tano kwa sababu Profesa amesema msivunje, kisha Tiyamike akamwita mlinzi akalipiga kufuli kwa chuma mpaka likaachia, wakaitoa mashine wakaiweka sakafuni, na hakuna aliyejua kuiunganisha. Nilifika nakimbia kutoka getini na gauni langu la harusini. Mtoto, Limbani, alikuwa ameshafariki. Kofia ilikuwa kichwani mwake imefungwa vizuri, lakini mirija iliunganishwa kinyume na maji kwenye chupa yalikuwa yametulia kabisa. Tiyamike alikuwa amepiga magoti palepale ameishika ile chupa. Hakunitazama.

Sijui kama angepona, hilo nataka niseme, maana wapo wanaokufa hata mapovu yakichemka, na hata hivyo najua alifika hospitali saa sita mchana akiwa hai na mashine ipo.

Wiki iliyofuata mama yake alikuja. Alitembea kutoka mashamba ya chai na kikapu cha mbaazi, akapiga magoti mbele yangu, akapiga makofi ya heshima, akasema, "Sista, nimekuja kukushukuru. Wengine walikuwa wanatembea, wewe ulikimbia kwa ajili ya mwanangu, mpaka ukaacha harusi." Halafu akaniuliza taratibu, "Nilichelewa, eti? Nilimkalisha nyumbani asubuhi nikidhani ni mafua." Nikamshika mkono, nikasema kazi ya Mungu haina makosa. Mbaazi zile ziko jikoni mpaka leo. Siwezi kuzipika, siwezi kuzitupa.

Sasa Alhamisi ya mwisho wa mwezi kuna kikao cha vifo, ambapo kila kifo cha wodini kinajadiliwa, na Mama Nkhata ameniita ofisini akaniambia ripoti itasema kabati lilivunjwa bila ruhusa na mashine ikaunganishwa na mtu asiye na mafunzo. Nikamwambia, "Mama, Tiyamike alijitahidi." Akasema, "Mwanangu, wewe jina lako limekwenda Cape Town, mafunzo ya mwaka mzima, nafasi moja tu. Halitaguswa. Huyo msichana atapewa barua ya onyo, atalia, atasahau." Na Tiyamike hajamwambia mtu kwamba nilisema wasivunje. Ananisalimia tu kama zamani, "Shikamoo, Sista."

Kungwi, nikisema ukweli Cape Town imekwenda, na huenda kazi nayo, na nikirudi kutoka huko ningeweza kuokoa watoto wangapi, mamia labda, nalifikiria hilo kila siku, na nikinyamaza msichana wa watu anabeba mzigo wangu. Na yule mama nimwambie au nimwache na shukrani zake? Nifanye nini?

Ni mimi,
Niliyeitwa Profesa

*

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Baada ya ile ya pili niliiweka mezani nikaenda kumwagilia mboga zangu, maana ningekujibu papo hapo ningekutukana, na gazeti hili linasomwa na watoto.

Pole. Nakupa pole ya kweli, kwa sababu najua ulivyokimbia kutoka lile geti na najua utaendelea kukimbia hivyo kwa miaka mingi. Sasa pole imekwisha, tuzungumze.

Kufungia mashine si kosa lako. Kwenda harusini si kosa lako pia, hata muuguzi ana binamu. Usijifiche nyuma ya kufuli, wewe mwenyewe umeandika kwamba kufuli lilivunjika na mashine ikatoka. Wodi nzima ilisimama mbele yake haijui pa kuanzia, na wewe uliahidi kwa sahihi yako kwamba wanne watajua. Miezi mitano! Mafunzo yale uliyafanya pambo la shingoni. Ulitaka uitwe, nao wakakuita, mara kumi na moja.

Halafu unanipigia hesabu za watoto utakaowaokoa ukirudi kutoka Cape Town. Mwanangu, ulishakwenda mara moja ukarudi. Ulirudi na nini kwa Limbani?

Unajua la kufanya, ungetaka kunyamaza usingeniandikia. Unachotaka ni mtu wa kukusukuma, basi nakusukuma. Barua hii inatoka Jumamosi, Alhamisi yako bado iko mbele.

Anza na Mama Nkhata. Usimshtukize mtu mzima kikaoni, amekulea kazini. Nenda ofisini kwake Jumatatu, mwambie, "Mama, ripoti ile siwezi kukaa nayo chumba kimoja." Atakasirika. Anakupenda, lakini mapenzi yake yatamvunja Tiyamike, na msichana anayevunjwa mwaka wake wa kwanza kazini halii tu akasahau kama anavyosema yeye. Anajifunza kwamba mtoto akizidiwa, salama yake ni kukaa mbali. Mnataka muuguzi wa namna hiyo? Yule ndiye peke yake siku ile aliyekuwa na akili ya kumwita mlinzi na chuma.

Alhamisi usingoje kuulizwa. Simama kabla ripoti haijasomwa, useme yote matatu: ufunguo ulikuwa nami, nilisema wasivunje, na sikumfundisha mtu. Hilo la pili ndilo utakalotaka kuliruka. Usiliruke. Kikao cha vifo kimewekwa kwa ajili ya mtoto anayekuja kesho, na mkiandika uongo mtamnunulia kufuli kubwa zaidi.

Cape Town wakikunyima, wamekunyima. Wakikupa, usipande ndege mpaka watu wanne wa wodi yako waiunganishe mashine ile mbele ya macho yako, na wewe umekaa umefumba mdomo. Ufunguo utundikwe ukutani, juu ya meza ya zamu, anapoufikia hata mfagiaji. Mashine ikiharibika itatengenezwa.

Na mama wa Limbani. Hapa nitakueleza jambo langu, halafu tusilirudie. Nilizaa binti, Ndaziona. Alifia hospitalini ana mwaka na nusu, wauguzi wakainamisha macho, mmoja akaniambia hayo hayo uliyomwambia mwenzangu, kazi ya Mungu haina makosa. Ni miaka ishirini na mitatu. Mpaka leo nikimenya viazi hujikuta nauliza kama nilichelewa kumpeleka, kama ni maziwa yangu, kama ni kule kumbeba kwenye mvua. Hakuna aliyenijibu. Labda hawakuwa na jibu. Wewe unalo!

Yule mama alikuuliza kama alichelewa, nawe ukamjibu kwa Mungu. Hakuchelewa. Alimleta saa sita mchana akiwa hai, umesema mwenyewe. Nenda ukamwambie. Mtafute mtu mzima wa kufuatana naye, kaa chini mkekani, usiende na zawadi, wala usirudishe kikapu chake kana kwamba unalipa. Mwambie, "Hukuchelewa, ni sisi tulichelewa, na kati yetu ni mimi." Anaweza kukufukuza. Anaweza kukupigia kelele mpaka majirani watoke. Kaa mpaka amalize. Huendi pale kusamehewa, unakwenda kuuondoa mzigo wake mgongoni kwa sababu si wake. Ukishatoka huko, pika zile mbaazi, ule. Alizilima kwa mikono yake na alikupa kwa moyo, zisiozee jikoni kwako.

Lakini hayo yote yana siku zake. Lipo la leo, kabla hujavua viatu. Umeandika mstari mmoja ukaupita haraka, kwamba kofia ya Limbani ilikuwa imefungwa vizuri. Nani alimfundisha Tiyamike? Si wewe. Alisimama nyuma yako miezi mitano akijifunza kwa macho, na siku ilipofika akaipata kofia peke yake, na tangu siku ile anaamini kwamba kila alichokigusa alikikosea.

Mtafute popote alipo. Mwambie kofia aliifunga sawasawa. Kisha mwombe akae, umwonyeshe mirija.