Robe Iliyopanda Meli

Lusaka, 29 Septemba 2024

Kwa Tantine wangu,

Jambo sana kutoka kwa mtoto wako. Mgongo unaendeleaje tangu joto lianze? Na mashine ya kushonea, ule mkanda bado unakatika? Mimi ni mzima, ninakula vizuri na ninalala vizuri. Msalimie Thelma, umwambie asante kwa simu yake. Bila yeye kupiga picha barua zako na kunitumia, tungekuwa bado tunabembeleza madereva wa basi.

Tantine, nina habari. Mama Luse, yule mjane ninayemtunza, anakwenda Durban kupanda meli ya starehe, na ananichukua, maana magoti yake hayapandi ngazi bila mtu wa kumshika. Karatasi zangu za kusafiria za ukimbizi zimetoka. Mimi niliyevuka ziwa kuja Nchelenge nikiwa nimekaa juu ya sufuria, sasa nitapanda meli yenye lifti!

Ila kuna sharti la nguo. Jioni tatu za safari ni rasmi, na asiyevaa inavyotakiwa haingii kwenye chumba cha kulia. Wamempa karatasi. Mwanamke avae gauni la jioni, robe ndefu inayofika kwenye kifundo cha mguu. Jinzi hapana, kandambili hapana. Viatu viwe vimeshavaliwa nyumbani kwanza, visije vikakutoa malengelenge huko. Mtandio wa mabega, kwa sababu ndani kuna baridi ya mashine. Kibegi kidogo cha mkononi. Pasi hairuhusiwi melini, wanaogopa moto, kwa hiyo kitambaa kiwe kile kisichojikunja, na kikijikunja unakitundika bafuni na kufungulia maji ya moto mpaka mvuke ukinyooshe.

Viatu na kibegi ninavyo. Robe sina. Ungenishonea? Vipimo ni vilevile, kifua tu kimeongezeka vidole viwili.

Neno moja tena, na usikasirike. Mama Luse hataki kuonekana anakula na mtumishi. Mezani nimwite Auntie, yaani tantine kwa Kiingereza chao, na watu wajue mimi ni binti wa kaka yake. Amesema nikimpendeza safarini, Januari ataniingiza shule ya uuguzi. Mkuu wa shule ni mtu wake. Unajua nimeitaka shule hiyo tangu kambi ya Kenani.

Mtoto wako,
Débora

---

Kabuta, 13 Oktoba 2024

Débora mwanangu,

Salamu nyingi. Mgongo ni uleule, mkanda nimeufunga kwa kipande cha wavu na unakwenda. Mungu anatulinda.

Nimesoma habari za meli yako mara mbili, na roho imenichafuka mara mbili. Mtu anaoga, anavaa robe ya kufagia sakafu, anaweka mtandio, anabeba kibegi ambacho hakina kitu ndani, ili akae chini atie kijiko mdomoni! Ni watu hao au ni maiti wanaandaliwa? Halafu wanaogopa pasi. Meli nzima ya chuma, na wanaogopa pasi. Nilimweleza Thelma kwa Kiswahili chake kile cha sokoni, akauliza, "Sasa bakisha kula, banavua tena?" Nikamwambia ndiyo, wanavua tena, wanakwenda kulala. Akatema mate.

Lakini la kunichefua kweli ni hilo la mwisho. Mama yako alipofariki Pweto ulikuwa hujaota meno ya mbele. Nilikubeba mgongoni. Kule Kenani walipomwaga magunia ya nguo za msaada nilipigania ile sketi yako ya shule na mwanamke mwenye nguvu kuliko mimi. Sasa kuna mama wa Lusaka atakayeitwa Auntie, na mimi nishone nguo ya kumwitia.

Haya. Nitashona. Shule ni shule.

Nimepata krepu ya bluu kwa Banza wa Kashikishi, nzito, ukiikunja ngumi inafunguka yenyewe. Nimekukatia mikono mpaka kiwikoni, mabega yako si ya kuonyesha wazee wanaokunywa supu. Mishono ya ubavuni nimeiacha mipana, ukinenepa huko unaifungua. Mtandio ni wa kitambaa hichohicho. Unajua ninashonea barazani kwa Thelma, mwanga ni mzuri, na robe yako inaning'inia kwenye msumari juu ya magunia yake. Kila anayekuja kununua chisense, dagaa wake wakavu, anaisifu. Nyumbani kwangu ingeliwa na panya.

Ikiisha naipakia kwenye basi la Kashikishi. Ndani nitaweka zawadi ndogo, usife njaa kwa watu.

Tantine wako, wa kwanza na wa mwisho,
Germaine

---

Lusaka, 3 Novemba 2024

Tantine, habari za asubuhi? Haraka haraka: mzigo umefika sasa hivi, na gari la kutupeleka uwanja wa ndege liko mlangoni, Mama Luse anapiga honi. Nimeutia kwenye valizi, kati ya nguo zangu, jinsi ulivyo, sijafungua hata kamba. Nitauona huko huko. Asante, asante.

Mtoto wako,
Débora

---

Melini, 6 Novemba 2024

Germaine,

Sikuulizi habari, sina moyo wa kuuliza.

Jana ilikuwa jioni rasmi ya kwanza. Nilifungua mzigo. Robe ilikuwa nzuri, na katikati yake, ndani ya mkunjo wa kifua, ulikuwa umeweka pakiti ya chisense. Pakiti ya samaki wakavu ndani ya robe ya jioni! Nikaitoa, nikafanya kama karatasi ilivyosema: nikaitundika robe bafuni na kufungulia maji ya moto. Mvuke ulipojaa nilitia uso wangu kwenye kitambaa. Sikusikia kitu kibaya. Nilisikia raha tu, nikaivaa.

Tulikuwa watu wanane mezani. Bwana wa kushoto kwangu aliweka kijiko chini. Mkewe akavuta mtandio mpaka puani. Akaja mhudumu, wakamnong'oneza, akapiga magoti na kuinua kitambaa cha meza kutafuta kama kuna kitu kimekufa chini. Kisha wote wakanitazama mimi. Mama Luse akasema kwa sauti, kwa Kiingereza, kwamba mimi si ndugu yake, ni mfanyakazi tu, aliniokota kwa wakimbizi, na watu hao wa ziwani wanalala na samaki. Mwanamke mwingine kutoka Zambia, Mama Kangwa wa Kitwe, akacheka mpaka akajifuta machozi. Nilirudishwa chumbani kabla ya nyama.

Shule imekwenda. Ungenusa tu mara moja! Lakini mmekaa ndani ya uvundo huo mpaka hamuujui. Wewe unanuka, Thelma ananuka, Kabuta nzima mnanuka, na mmeninukisha na mimi. Ninajionea kinyaa. Ninawaonea kinyaa. Usinitumie kitu tena.

Débora

---

Durban, 13 Novemba 2024

Tantine wangu,

Habari ya siku hizi? Mgongo? Thelma mzima? Ninauliza, ingawa ninajua sistahili kujibiwa. Tumeshuka kwenye meli leo. Soma mpaka mwisho, nakuomba.

Siku moja baada ya kukuandikia yale maneno, Mama Luse aliniamuru nitupe ile pakiti. Nikasema nitaitupa mchana, nikaiacha juu ya sinki. Nilikwenda kufuata dawa zake, nikarudi mapema. Alikuwa bafuni, amekaa juu ya kifuniko cha choo, na gauni lake la hariri, pakiti iko mapajani. Alikuwa anakula. Anakula ya kavu, hivyo hivyo, na vichwa, anaitupia mdomoni kwa vidole vitatu kama wanawake wanaoanika kwenye mchanga wanavyofanya wakiwa na njaa. Mafuta ya midomo yamemfika kidevuni. Aliponiona hakuacha. Akaniambia kwa Kiswahili chetu, Tantine, kile cha ufukweni, ambacho kwa miaka miwili sikujua anakijua:

"Funga mulango. Usiambie mutu. Hii ni ya Kabuta, eh? Ya Kabuta iko na muchanga kidogo. Kwetu Chienge tulikuwa tunaanika juu ya majani."

Kwetu Chienge! Chienge ya ziwa lilelile letu! Nikasimama pale nimeshika dawa. Alimaliza yote, akalamba karatasi. Kisha akanawa mikono mara tatu, akaimwagia marashi, akapiga mswaki, akanitazama kama vile mimi ndiye niliyekula.

"Ile robe itupe," akasema, tena kwa Kiingereza. "Inanuka."

Nilichefukwa kuliko usiku ule wa mezani. Kwanza kwa ajili yake. Halafu nikakumbuka barua yangu, nikaona kwamba niliyokuandikia ni maneno yake yaleyale, nimeyanakili tu. Nilitapika, na bahari ilikuwa imetulia.

Jioni rasmi ya pili alijitia kuumwa, tukala chumbani. Kabla ya jioni ya tatu alikuja na robe nyeusi aliyoazima kwa mtu. Akasema nimesamehewa, nivae hiyo, nimwite Auntie, na shule ipo palepale kama alivyoahidi. Nilisema ndiyo, Auntie. Akatangulia kwenye lifti.

Nikavaa ya bluu. Sikuifua, sikuitundika kwenye mvuke. Nilikwenda nikakaa kwenye kiti changu. Mama Luse alikuwa ameshaanza kuwaambia wenzake kwamba wiki ile alitania tu, mimi ni binti wa kaka yake kweli. Mama Kangwa hakuamini. Akanigeukia na kuniuliza kwa Kibemba, kwa adabu kabisa, huyu ni nani kwangu.

Mama Luse alinikanyaga mguu chini ya meza. Nikasema: "Huyu ni bosi wangu. Tantine wangu anaitwa Germaine, ni mshonaji wa Kabuta, na robe hii ameishona yeye."

Habari ya pakiti sikuisema. Hiyo nilimwachia mwenyewe. Mama Kangwa alinyoosha mkono akashika mshono wa ubavuni, akaugeuza kuuangalia kwa ndani kama mnunuzi, akasema fundi huyu anajua kazi. Hakufunga pua. Leo asubuhi Mama Luse ameniambia nikifika Lusaka nichukue vitu vyangu. Shule usiiulize tena.

Sina la kujitetea. Nilikutukana kwa ajili ya mtu anayekula chooni. Nisamehe.

Mtoto wako, ukinikubali bado,
Débora

---

Lusaka, 5 Januari 2025

Tantine wangu,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Thelma. Umeamkaje? Ziwa limefungwa, najua uvuvi umesimamishwa na wateja ni wachache. Ninapata kazi ya kufua mashuka kwenye kliniki moja hapa, nina chumba pamoja na dada wawili wa Mansa. Ninaona kwenye simu kwamba barua zangu zote zimesomwa.

Robe iko msumarini juu ya kitanda. Sijaifua.

Mtoto wako,
Débora

---

Kabuta, 2 Machi 2025

Débora,

Nimeamka, kama uliuliza.

Simu ni ya Thelma, unajua hivyo. Barua yako ya melini aliifungua yeye kwanza. Kiswahili chake ni cha bei na vipimo, lakini neno "kunuka" analijua vizuri, ni neno la kazi yake. Aliniletea simu ameishika mbali na mwili wake.

Sikujibu kwa sababu nilikuwa na shughuli. Nilifua nguo zangu zote, na mapazia, na shuka. Nikanunua sabuni ya kipande yenye picha ya mwanamke na maua. Nikajisugua mpaka shingo ikachubuka. Kisha nikaenda kwa Thelma nikamwambia, "Ninuse." Akaninusa shingoni, akaninusa kichwani, akashika mkono wangu akaunusa kama anapima samaki. Akaniambia:

"Mama Germaine, mi nitajua je? Mi niko mule-mule."

Tukakaa wawili pale kama wajinga. Hakuna wa kutuambia. Unajua hiyo ni kitu gani, kujinusa na kutojua? Miaka hamsini na tatu sikuwahi kuonea mwili wangu kinyaa, hata kwenye choo cha Kenani, hata siku zile hatukuwa na maji. Wewe ulinifundisha kwa simu, na simu yenyewe ya kuazima.

Nikaiondoa mashine barazani kwa Thelma. Nikaiweka ndani kwangu, kwenye giza na joto, na panya. Nimeshona miezi mitatu macho yakitoka machozi. Nguo ya ubatizo ya mtoto wa Lombe nimeishona mkono mmoja mbele nyuma. Thelma hakuniuliza kwa nini. Asubuhi alikuwa anapita na baiskeli, ananisalimu, anakwenda. Hilo ndilo linanitia kinyaa kuliko yote, kwamba kwa ajili ya supu ya watu nisiowajua nilimwonea aibu mwanamke aliyetupa baraza siku tuliposhuka mtumbwini.

Barua yako ya Durban niliisoma siku ileile uliyoituma. Niliisoma tena na tena. Huyo mama wa Chienge namhurumia kidogo, kidogo sana, halafu nakumbuka kifuniko cha choo na kichefuchefu kinarudi. Umefanya vizuri pale mezani. Lakini usifikiri umeniosha. Ulisema mbele ya watu saba kwamba mimi ni tantine wako. Ulikuwa umesema mimi ni uvundo, na hilo Kabuta nzima wanalijua, kwa sababu Thelma ana dada sita.

Basi. Jana ziwa limefunguliwa. Alfajiri mitumbwi ilirudi imejaa, mchanga wote ni fedha, na wanawake walikuwa wanapiga kelele mpaka kwangu. Nikafungua mlango. Harufu ikaingia, na mara hii niliisikia kabisa, baada ya miezi mitatu ya kukaa na sabuni. Ni kali kweli. Wale watu wako wa mezani hawakusema uongo.

Nikabeba kichwa cha mashine mwenyewe, huu mgongo unajua, nikakipeleka barazani kwa Thelma. Alisogeza magunia bila kuambiwa. Msumari upo palepale.

Panda basi la Ijumaa. Mashuka ya kliniki watafua wengine, hapa kuna kazi ya kushona watu wawili, na shule tutaitafuta kwa mlango wake wa mbele. Njoo na robe, mishono mipana ile tuifungue, naona kwa picha yako ya kwenye simu umenenepa. Usiifue. Na usiipakie ndani ya valizi. Ivae.

Ukishuka pale kituoni watu watakuwa wengi, ni msimu, na wote wamesikia. Usije ukaninong'oneza sikioni. Simama kwenye mlango wa basi, na robe yako ndefu, uniite kwa sauti mpaka Thelma asikie kutoka barazani.

Tantine wako,
Germaine