Tembo la babu Mahfudh

Kache, acha unalofanya usome! Shangazi Khairiya katoboa siri ya babu Mahfudh mbele ya wakwe zangu. Sina pa kuficha uso.

Mwaka 1947, Likoni. Babu kamposa bibi Alawiya, na ugonjwa wake ni nondo, wale vipepeo wa usiku. Jioni anapaka mkorosho tembo la mnazi lenye sukari, alfajiri anakwenda kuwatazama walivyolewa. TEMBO, Kache!

Siku hiyo akachelewa, akakimbilia msikitini bila kujua kanzu imerukiwa na tembo. Kando yake kwenye safu nani? Babake Alawiya!

Mzee akanusa. Akanusa tena. Baada ya sala: "Mahfudh, unakunywa?"

Babu akaapa wallahi hajaonja. Mzee akamwita Gona, mgema aliyemuuzia.

Gona, masikini, akataka kumwokoa: "Hanywi, mzee. Huwapa wadudu."

Wadudu, Kache!

Mzee akamgeukia babu: "Heri ungekunywa, mwanangu. Mlevi nitamwambia aache. Wewe nitakwambiaje?"

Wakwe wamecheka mpaka machozi. Sasa mimi nitawaambiaje kuwa ile chupa waliyoiona kwangu juzi, nikasema ni siki, ni tembo la nondo wangu?